Gari Lisilokata Kona

Oili ya difu, zile gia za kati ya matairi ya nyuma, hainuki kama oili ya injini. Ya injini huizoea mpaka pua ikaisahau, lakini ya difu ina uvundo wake, yai viza na kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na ukiigusa asubuhi utalala nayo. Juzi nilimpelekea fundi mmoja wa Majengo, Mombasa, pikapu yangu kuukuu ya fobaifo, ya njia mbovu, maana kazi zangu ni za bara na gari lilikuwa limeanza kunilaza njiani. Akalegeza kizibo, oili ikachuruzika kwenye karai, akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Dada, nikutilie difu ya klachi ama ya loki?" Mimi ni mtu wa kujibu haraka, wakati mwingine kabla hata sijaulizwa. Siku hiyo nilimwambia nitarudi Jumatatu, nikatoka, nikatembea hadi Bondeni kwenye jua kali bila ya kuwa na shughuli yoyote Bondeni.

Sijui kutulia, nakiri. Nikikaa mahali kidogo mkono unatafuta funguo. Mama husema nimerithi kwa Baba, na hasemi hivyo kwa kunisifu.

Baba alikuwa Mduruma wa ndani huko, kupita Kinango. Alikuja Mombasa kufanya kazi ya ukarani kwenye godauni moja karibu na bandari, akamwoa Mama, binti wa Mji wa Kale, akakaribishwa akae nyumba ya kina Mama, ghorofa ya juu, dirisha likitazama kichochoro. Alikaribishwa vizuri, hilo siwezi kulikana. Hata hivyo alitembea chumbani viwiko vikiwa vimebana mbavu, kama mtu aliyeambiwa asivunje kitu, na mkekani alikuwa wa kwanza kuinuka kila siku. Mimi nilidhani wanaume wote hula hivyo, nusu wameketi na nusu wanaondoka.

Mamake Baba, ambaye nilimwita Bibi, alikuwa akiishi peke yake huko kwao tangu babu afariki. Mjini hakutaka hata kusikia. Kiangazi Baba alikuwa akimwendea kila alipopata nafasi, lakini mvua zikianza njia ilikufa. Udongo wa huko ni mweusi, wa kunata, ukilowa hubeba kiatu na soksi, na kabla ya kufika kwa Bibi kulikuwa na mto usio na maji mwaka mzima ila msimu wa mvua, ambapo ulikuwa na maji kupita kiasi. Basi wingu likijikusanya juu ya mapaa ya Mji wa Kale, Baba alikwenda dirishani. Alirudi, akaketi, akaenda tena. Mama alikuwa akishona mabuibui kwenye cherehani, na mimi nilijua hali ya nyumba kwa kusikiliza mguu wake. Baba akiwa dirishani, cherehani ilikimbia mno au ilisimama kabisa.

"Huku ni manyunyu tu," Baba alisema. "Huko kwetu sijui."

"Kwetu ni hapa, bwana," Mama alijibu bila kuinua kichwa.

Ndipo Baba akanunua pikapu. Ilikuwa kuukuu, ya rangi ya kijani iliyofifia, na ilikuwa fobaifo ya kweli, ndefu kwenda juu, nami nilipandishwa kwa kubebwa. Tokea siku ile uvundo wa difu ukaingia nyumbani kwetu. Ulikuwa kwenye kucha zake, kwenye taulo, kwenye mkate alioukata. Mama alifukiza udi asubuhi na jioni kwa wingi hata majirani wakauliza kama tuna arusi.

Gari lilipelekwa Majengo, kwa Mjomba Athmani, kaka yake Mama. Mjomba alikuwa fundi wa magari, mnene, mcheshi, kikoi kimekazwa juu ya suruali, na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Gari likiletwa kwa tatizo la difu, hakulifungua kwanza. Alilipiga jeki matairi ya nyuma yote mawili yakaning'inia, akaliweka gia huru, kisha akamwambia mwenye gari alizungushe tairi moja kwa mkono wake mwenyewe. Alisema mtu akishahisi kwa mkono habishani tena. Mara hii mkono ulikuwa wangu.

"Zungusha, mama," Mjomba aliniambia. "Tazama lile jingine."

Nikalisukuma tairi mbele. Lile la upande wa pili likaenda nyuma. Nilipigwa na butwaa. Nikasukuma tena, nalo likarudi kinyume tena, kwa ukaidi kabisa.

"Hiyo ndiyo difu ya kawaida," Mjomba alisema. "Kila tairi na mambo yake. Barabarani ni nzuri, maana kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lakini moja likiingia matopeni, hilo hilo ndilo hula nguvu zote likazunguka bure, na mwenzake amesimama tu yuwatazama."

"Na mimi sitaki la kutazama," Baba alisema. "Nitilie loki. Nikivuta wenzo, yote mawili yazunguke sawasawa, litake lisitake."

"Loki ni ya watu wa machimbo, shemeji. Nikutilie ya klachi. Ile ina sahani ndani yake, tairi moja likianza kuteleza zinakamatana, mwenzake anapata nguvu kidogo. Huvuti kitu, hukumbuki kitu. Na huko Mji wa Kale weye wakata kona zako taratibu bila kelele."

"Kidogo hakinivushi mto."

"Utaishi mtoni ama utaishi hapa?"

Baba alikuwa akilizungusha lile tairi kwa mkono, taratibu, mbele, mbele, huku lile la pili likirudi nyuma. Mimi nilikuwa nacheka kwa mchezo ule. Leo nikimkumbuka alivyosimama pale, kicheko changu kinaniudhi.

Mjomba alishinda, maana karakana ilikuwa yake. Akatia difu ya klachi aliyoitoa kwenye gari lililovunjwa, na Baba akaondoka siku ya mawingu akisema atarudi kesho. Hakurudi kesho, wala kesho kutwa. Mama alishona buibui moja akalifumua akalishona tena. Baba alipotokea alikuwa na matope mpaka masikioni. Pikapu ilikuwa imeingia mtoni kimshazari, tairi moja la nyuma likabaki hewani, na lililo hewani halina la kukamata. Zile sahani zilizochakaa ziliteleza tu, tairi likapiga upepo, na Bibi yuko ng'ambo, moshi wa jiko lake waonekana. Ilibidi ng'ombe wa watu waje kulivuta, tena kulirudisha nyuma, wala si kulivusha.

"Niliuona moshi wake," Baba alirudia mara kadhaa, akimwambia Mama, akimwambia Mjomba, akiwaambia hata wateja wa Mama. Hakuketi jioni hiyo.

Basi loki ikatiwa. Mjomba, kwa aibu ya fundi, aliifanya kazi ile kwa moyo wote: wenzo mfupi karibu na kiti cha dereva, kebo imepitishwa chini hadi kwenye difu. Walikwenda kuijaribu Kibarani, mimi nikiwa katikati yao. Wa rika langu mnaikumbuka Kibarani kabla haijasafishwa, jaa lile na moshi wake wa macho, na chini yake ufuo wa tope jeusi lenye harufu yake. Baba alilitumbukiza gari kwenye tope makusudi, akavuta wenzo, pakasikika kishindo kidogo chini ya viti, na gari likapanda kama linapanda ngazi. Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo chini ya paa la nyumba yetu, kwa sauti na mdomo wazi. Mjomba naye alimpiga bega.

Kosa lilikuja baada ya furaha. Mjomba alirudisha wenzo mahali pake, lakini kebo ilikuwa imejaa tope, na huko chini difu ilibaki imefungwa. Kwenye barabara iliyonyooka hapana aliyejua. Kwenye mizunguko matairi yalilia, usukani ukawa mzito, Mjomba akasema itajifungua yenyewe njiani. Kwa kawaida Baba alikuwa akiliacha gari barabara kubwa tukatembea hadi nyumbani. Siku ile aliliingiza kichochoroni. Alitaka Mama alione.

Kuna kona pale kabla ya nyumba yetu, mtu na mkokoteni wakikutana mmoja hurudi nyuma. Baba alikata usukani wote. Magurudumu ya mbele yaligeuka kama yalivyoamriwa, lakini ya nyuma, yakizunguka sawasawa, yalilisukuma gari mbele moja kwa moja. Bampa likaikwaruza baraza ya jirani, chokaa ikaanguka, na kipande cha jiwe ambacho wazee walikuwa wakikikalia tangu enzi za babu zao kikadondoka katikati ya njia. Watu wakatoka milangoni. Mama alikuwa dirishani, ametia mkono kinywani.

"Gari hilo halikati kona!" alisema toka juu, kichochoro kizima kikasikia.

Baba alishuka, akaliokota lile jiwe akalishika kifuani. Alikuwa ameona haya, na haya humfanya mtu aseme vibaya. "Halikutengenezwa kwa kona za huku," akajibu.

Siku chache baadaye nilimsikia Mama akimwambia Mjomba jikoni, "Kaka, ungalimwachia ile nyingine. Ile ya huku."

"Ile nyingine ilimlaza mtoni, dada."

"Bora angalilala," Mama alisema, kisha akajishika kifua. "Astaghafirullah. Mimi nataka arudi tu. Kila akenda nasema leo hatorudi."

Nikaunganisha maneno yote niliyokuwa nayo, kama mtoto anavyounganisha. Gari lisilokata kona huenda mbele tu. Kutoka kwetu hadi kwa Bibi ni mbele, na kurudi lazima ugeuze. Baba akivuta ule wenzo kuuvuka mto, gari litaendelea moja kwa moja kupita nyumba ya Bibi, kupita mbuzi, kupita mwisho wa kila kitu, na yeye ndani yake mikono kwenye usukani usiosaidia. Nilimuuliza Mjomba. Alinieleza vizuri tu kwamba loki hufungwa ukikwama, hufunguliwa ukishapita. Sikumwamini. Si nilikuwamo garini? Si aliirudisha mwenyewe, na bado haikufunguka?

Basi nikawa mlinzi. Kila jioni kabla ya magharibi nilishuka, nikaenda hadi lilipoegeshwa, nikachungulia dirishani kama wenzo uko chini. Chuoni, nilikosoma Kurani, mwalimu alinichapa kwa kutazama nje. Ghorofa yetu ilikuwa na watu watatu, na hapana hata mmoja aliyekuwa akiketi.

Mvua zikaja. Asubuhi moja jirani wa Bibi alipiga simu: Bibi ameteleza uani, mguu umevimba, mganga wa zahanati ameutazama akasema haukuvunjika, lakini kusimama hawezi. Baba alikuwa ameshavaa viatu kabla simu haijakatika.

Hapo Mama alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikitandika kitanda cha chumba cha wageni kwa shuka za arusi yake, akamwambia Baba, "Mlete mamako. Nimeshamtandikia. Sitaki asikie kuwa mkwewe hakumtaka." Kisha Mama akaongeza, "Na mtoto nenda naye."

"Mvua hii?"

"Nenda naye. Chuo kimefungwa. Na Athmani afuatane nanyi, mukikwama muwe wawili."

Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nilidhani nimepewa safari. Nimekuwa mtu mzima na watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba nilitiwa ndani ya gari lile ili Baba awe na cha kurudisha.

Tulikwenda kwa njia ya Mariakani. Lami ilipokwisha, udongo mweusi ukaanza kulivuta gari huku na huku, Baba akiimba chini kwa chini, Mjomba akimwita Mungu kwa kila jina alilolijua. Mtoni maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Baba aliingia, gari likainama, na kwa mara nyingine tairi moja la nyuma likabaki hewani likipiga upepo. Mjomba akashuka, kikoi juu ya magoti, akatazama chini, akapiga kelele, "Vuta, shemeji! Vuta!"

"Usivute!" mimi nikapiga kelele. "Baba, usivute!"

Akavuta. Kile kishindo kikasikika, gari likatikisika, na yale matairi mawili yakashikana kazi. Tukapanda ukingo wa pili, Mjomba akitufuata kwa miguu, amelowa, anapiga makofi kama yuko uwanjani. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Baba hakuelewa ninalia nini. Aliurudisha wenzo, akaniambia nisikilize itakavyofunguka, lakini kwa kilio changu sikusikia kitu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda. Hakuonekana mtu wa kufa hata kidogo. Nilipomwamkia alinishika kidevu, akamuuliza Baba, "Mtoto mumemfanya nini?"

Ikabidi niseme. Nikasema gari halikati kona, na loki imefungwa, na hatutorudi tena. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Baba hakucheka. Alinibeba akanirudisha kitini, akawasha gari, akaanza kuzunguka uani. Alikata kulia akaizunguka nyumba ya Bibi. Akakata kushoto akakizunguka kishamba cha muhogo na zizi, mbuzi wakitawanyika. Kona ndogo, kona kubwa, usukani kwa kidole kimoja. "Linakata?" akiniuliza. "Linakata?" Nami nikawa nacheka na makamasi usoni, nasema linakata, linakata, zungusha tena. Nadhani sijapata kuwa na furaha kama ile.

Jioni ile wakubwa walizungumza nami nilikuwa karibu, nikila mhindi wa kuchoma.

"Umekuja kunichukua?" Bibi alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Mkweo amekutandikia kitanda. Mwenyewe kwa mikono yake."

"Mwambie nimeshukuru sana. Mwambie na shuka zake nimezishukuru." Bibi akaangalia upande lilipokuwa kaburi la babu, nyuma ya nyumba. "Lakini mimi kule juu ghorofani nitafanya nini? Nitatazama dirisha?"

Baba alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Nilimtazama akishuka kwenye utelezi ule bila kuangalia chini, viwiko vimeachana na mbavu, mikono inapepea. Alipasua kuni, akaliziba paa lilipovuja, akaketi. Aliketi kweli, mgongo ukutani, miguu mbele, na hakuinuka mpaka chakula kikaisha. Niliyaona yote hayo. Sikuyafanyia kazi, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye gari.

Asubuhi akachuchumaa mbele yangu. "Utarudi na Mjomba. Bibi hawezi kuachwa na mguu ule. Mimi nitakuja mvua zikipungua."

Nilimuuliza jambo moja tu. "Gari litakata ile kona ya nyumbani?"

"Litakata."

Basi nikapanda. Hata kumkumbatia nilimkumbatia haraka haraka, nilivyokuwa na hamu ya kuiona kona hiyo. Alisimama uani akipunga mkono, nami nilikuwa namtazama Mjomba na wenzo, kuhakikisha. Mtoni akauvuta, tulipovuka akaurudisha, na mara hii niliisikia loki ikifunguka.

Baba alikuja mvua zilipopungua, kama alivyosema. Alikuja na Idi, alikuja nilipougua, alikuja kwenye arusi yangu akiwa amevaa kanzu mpya. Alikuja kila mara, akavua viatu mlangoni, akapewa kiti kama mgeni.

Lakini siku ile mimi sikuyajua hayo. Kibarani nilikuwa naimba. Nilimsihi Mjomba aliingize gari kichochoroni, akakubali, nadhani kwa kukosa nguvu za kukataa. Kwenye ile kona alikata usukani taratibu, na pikapu ikageuka kwa utulivu, ikapita kwenye baraza iliyokwaruzwa pasipo kugusa hata chokaa.

"Mama!" nikapiga kelele, nusu mwili nje ya dirisha. "Mama, limekata! Limekata kona!"

Mama alikuwa ameshashuka. Alikuwa mlangoni na khanga mbili mkononi za kumfunika Bibi, na mto wa kuegemeza mguu. Alitazama kando yangu. Alitazama kiti cha dereva. Mjomba akazima injini, akabaki ameshika usukani.

Mama alimpita kaka yake. Alinigeukia mimi.

"Na weye ukamwacha?" akasema.

"Limekata kona, Mama," nikamwambia tena.